Samaki wa Badru

Tangu hasira za waume zianze kuhamishiwa kwa samaki, hakuna mke aliyepigwa tena mtaani. Lakini samaki wa Badru alimchosha roho mkewe, Mwanamvua. Katika tangi la pamoja la jengo lao, alishatafuna mapezi ya wenzake wote. Mwanamvua alimshibisha, akapanga upya mawe, akamtenga kwa wavu, lakini samaki akauchana.

"Leo kamtoboa wa mume wangu jicho," jirani yake, Bi Tatu, alilalamika.

"Basi nifanyeje, jamani? Nimechoka kuomba radhi!"

Mwanamvua alipoinama kumtazama, samaki aliwaacha wenzake, akaja kugonga kioo palipokuwa na uso wake, tena na tena.

Badru alitokea nyuma akitabasamu, akamshika bega. "Twende tukale, mke wangu."

Mwanamvua alitamani kuuondoa mkono ule, lakini hakuthubutu.