Kalamu Iliposimama

Kalamu ya mashine ilisimama.

Baba yake Namnyaki hakuwa akitazama kitu kingine. Tumbo la bintiye, lililokuwa limepasuliwa mbele ya daktari Mwingereza, hakuthubutu kuliangalia. Alikaa upande wa kichwani, amemshika mkono kwa sababu mtoto alikataa kulala bila yeye. Macho yake yalifuata nyaya kutoka kwenye nywele za mtoto hadi kwenye mashine ya kupima ubongo, iliyoletwa kwa lori kutoka Nairobi.

"Ubongo una umeme wake, mzee," dresa, msaidizi wa daktari, alikuwa amemweleza. "Akivuta dawa ya usingizi, mawimbi yanakuwa makubwa na ya polepole. Usiogope. Maadamu kalamu inachora, mtoto yupo."

Sasa kalamu haikuchora kitu.

"Mnamuua!" baba akapiga kelele, na kabla hawajamzuia akakinyakua kitambaa cha dawa kutoka usoni mwa mtoto. Dresa akamrukia. Chupa ya dawa ikaanguka, ikapasuka kwenye sakafu ya simenti, na harufu kali ikajaa chumba kizima.

"Ipo nyingine?" daktari aliuliza.

Dresa alitikisa kichwa. Kisha akainua macho kwenye taa kubwa iliyoning'inia juu yao. Dirisha lilikuwa limejaa jua na mlima Meru, ndiyo maana hakuna aliyetambua kwamba taa imezimika.

"Umeme umekatika, mzee," alisema taratibu. "Umeme wa mji tu."

Vidole vya Namnyaki vikakaza mkononi mwa baba yake.

"Baba," akaita kwa sauti ya usingizi, "mbona nasikia baridi tumboni?"