Matundu Sita

Kabla ya kila shindano, Nakiete alisukuma kichwa cha risasi kwa kidole gumba ndani ya kila tundu la kujazia la bastola yake. Kikibana kidogo ndipo kipite, mtutu nao utakishika vizuri, na shabaha haitampotea. Leo kilidondoka mezani chenyewe. Matundu yote sita, hadithi moja.

“Shemeji, umetengeneza vidogo,” alimwambia Kiangi, mdogo wa mumewe, aliyemtengenezea risasi miaka yote.

“Kalibu ninayomiminia risasi ni ile ile. Unanishuku mimi?”

Nakiete aliazima kichwa cha risasi cha mpinzani wake. Nacho kikadondoka. Ndipo akaimulika bastola: kuta za matundu ziling’aa, zimetoka kupigwa msasa.

Funguo za kasha la bastola zilikuwa mbili tu. Mmoja aliuvaa shingoni, wa pili alikuwa nao mumewe, Mbonea, aliyemwambia asubuhi huku akimmiminia chai, “Leo ukishindwa, mke wangu, uache haya mambo. Nyumba imekukosa.”

Mbonea alikuwa amekaa jukwaani, safu ya mbele, akimpungia mkono.

Nakiete akaanza kujaza risasi, moja moja, bila kumwondolea macho.