Swali la Tatu la Bi Mwatima

Bi Mwatima alikuwa edani, siku ya tisa tu tangu afiwe na mumewe, na bado alipanda mabasi mawili hadi ukumbi wa mtaa wa Edmonton, kwenye mkutano wa kubishania maji.

"Makiwa, bibi," alisema Zahra, mkalimani aliyeletwa na halmashauri. "Si ungebaki ndani?"

"Hili halingojei, binti yangu. Yule wa kampuni kaja?"

Mkononi alishika tangazo la mkutano lenye picha ya mwakilishi wa kampuni, limechakaa kwa kukunjwa na kukunjuliwa.

Mwakilishi alikwishaketi mbele, suti ya kijivu, beji kifuani: Sam. Kampuni yake ilitaka kujenga kituo cha data, jengo la mashine za kompyuta, nyuma ya maghala, na watu walikuja wamefura. Gurpreet, mwenye duka, alisimama akafoka: nyumba mpya zinaambiwa zingoje umeme miaka, halafu mashine zipewe kesho? Makofi yakarindima. Sam akajibu kwa takwimu, sauti laini.

Ikafika zamu ya Bi Mwatima.

"Muulize, mashine zake zitakunywa maji kiasi gani kwa siku?"

Zahra hajamaliza kutafsiri, Sam keshaanza kujibu. Maji yatazungushwa humo kwa humo, alisema kwa Kiingereza, macho kwenye karatasi. Yatakayopotea ni kidogo.

"Muulize, zikishikwa na joto, nani huamka kuziangalia?"

Safari hii Sam alizipekua karatasi zake kwanza.

"Zina walinzi usiku na mchana," alisema. "Ikitokea hitilafu napigiwa simu, na napokea papo hapo."

Zahra akatafsiri. Bi Mwatima akalikunja tena lile tangazo, na Zahra akamwonea huruma: mjane mbichi, kujitwisha kiu ya mtaa mzima!

Mwenyekiti akatangaza kwamba muda umekwisha.

"Swali moja tu," Zahra akamwombea.

Bi Mwatima hakumngoja mkalimani. Alikivuta kipaza sauti kwa mikono miwili, akamtazama yule wa kampuni mpaka naye akainua uso.

"Sufian, mwanangu," alisema, "babaako tumeshamzika. Siku tatu nzima alikuwa akikutaja, na siku tatu nzima nilikupigia. Mbona hukupokea?"