Walioagwa

Mwanakheri hakuwa na desturi ya kuvaa nikabu, lakini siku ya kwenda kwa wakili alijifunika uso, yakabaki macho tu. Viza ilikataliwa wakati mtaa mzima umeshamuaga kwa dua na halua. Angewaambia nini watu?

Wakili alizisoma karatasi zake. "Rufaa ipo, bibie. Tutakata. Subiri kwenye benchi, nitakuita utie saini."

Benchini alikuwepo mwanamke mwingine, naye amejifunika vivyo hivyo. Kidoleni alivaa pete ya akiki. Mwanakheri aliijua: alimvisha shoga yake Raya kwa mkono wake mwenyewe, mwaka jana, walipomuaga kwenda Ulaya.

"Raya?" alinong'ona.

Mwanamke akauficha mkono ndani ya buibui. Kisha, bila kuinua macho, akasogea kumpisha akae.