Hodi Tatu

Jina la Cibitoke lilitoweka kwenye skrini saa nne na robo asubuhi, na Seifu, mezani kwake kwenye zahanati ya Asiatique, akainuka kitini. Zahanati ya Cibitoke ndiko alikofanya kazi mkewe, Asiya.

Programu aliiandika mwenyewe. Zahanati tano za Bujumbura, kila moja na kompyuta yake, zilikuwa zikipigiana hodi kwa redio ili zijuane ipi iko wazi na ipi ina dawa. Hodi tatu bila jibu, jina linaondolewa. Ndivyo alivyolelewa: hodi ya tatu ikikosa karibu, mtu hugeuka akaenda zake.

Tena aliiandika yote kwa fomula tupu, kama za hesabu. Ukiipa kitu kilekile, inakupa jibu lilelile, iwe Asiatique ama Cibitoke. Haina huruma wala kigeugeu. Asiya alimtania kwamba hata posa aliipigia hesabu, lakini programu hiyohiyo ilikuwa mezani kwake kule Cibitoke, na aliiamini kuliko habari za redio.

Mabomu yalikuwa yameanza alfajiri ya siku hiyo. Simu zilikuwa zimekufa. Seifu akaanza kupiga hodi mwenyewe, kitufe baada ya kitufe, akimwomba Mungu, akimwomba Asiya. Kimya. Na kimya kingi kina mshindo.

Siku mbili barabara zilifungwa. Alilala chini ya meza pale Asiatique bila kula, analia bila aibu. Siku ya tatu akatoka kwa miguu.

Nyumbani Cibitoke alikuta turubai limefungwa uani, viatu vimejaa mlangoni, watu wanasoma hitima. Maskini Seifu, hata kumzika mkewe hakuwahi.

Akabisha hodi. Sauti za wasomaji zikaimeza. Akabisha tena. Ya tatu ikaitikiwa na mzee Massoudi, imamu aliyehamia mtaani mwezi ule, ambaye walikuwa hawajajuana naye.

"Karibu, mwanangu. Ikala kitako."

Seifu alishindwa hata kulitamka jina la mkewe. Akauliza tu kama maiti imeshazikwa.

"Apana, maiti hatukuipata," mzee akasema, akimsogezea mkeka. "Asiya amepiga hodi tatu kule Asiatique, bwana yake hakuitika."