Mtoto Aliyekataa Titi

Tangu Sheria ya Utulivu ipite, kila nyumba ina sikio la serikali ukutani. Ukitaja jina la yeyote aliyeuawa katika mauaji ya watu wa bondeni, sikio huwaka jekundu na askari huja kukuchukua.

Kwetu sisi wa mlimani, mtoto mchanga akikataa titi huitwa majina ya marehemu. Jina litakalomnyamazisha ndilo lake. Mwanangu tulimwita majina ya ukoo mzima, naye akazidi kulia mpaka midomo ikamkauka.

"Mwite tena babu yake," alisema mama mkwe wangu, Bi Nyamizi.

"Babu yake amemkataa, mama. Sasa namwita yule jirani wa bondeni."

"Koma! Yule si mtu wetu."

"Si wetu, lakini shamba lake tunalima. Na aliyemuua ni nani kama si mumeo?"

Alijiziba mdomo kwa kanga, macho ukutani. "Utatumaliza kwa ajili ya jina tu?"

"Wao walimalizwa kwa kosa gani?"

Nikasimama mbele ya sikio na kuita kwa sauti ya kumwita mtu aliye mbali shambani: "Lugendo! Ewe Lugendo!"

Mtoto akanyamaza. Akalishika titi na kunyonya kwa pupa, huku chumba kizima kikiwa chekundu.

Haukupita muda, mlango ukasukumwa.

"Nani ametaja?" askari alifoka.

Mama mkwe alininyooshea kidole.

"Ni mimi," nikasema. "Ila punguza sauti, afande. Lugendo ananyonya."