Bima ya Daktari Shemsa

Kitwana, wakala wa bima, alimsifia Daktari Shemsa bima ya bei nafuu: akishtakiwa kwa kukosea upasuaji, kampuni ingemlipia fidia, mradi asikiri kosa wala asimwombe mgonjwa radhi.

"Hata mgonjwa mwenyewe akiniuliza?"

"Hata akikuuliza, daktari. Wewe nyamaza, wakili atasema. Bima ya ghali tu ndiyo inayokuruhusu kusema."

Shemsa alitikisa kichwa. "Mtu ananikabidhi mwili wake akiwa hana fahamu, halafu akizinduka nimnyamazie? Nipe ile ya ghali, inayoniachia mdomo wangu."

Kitwana hakuwahi kusikia jibu kama hilo. Mkewe alihitaji upasuaji, na bado walikuwa wakitafuta daktari wa kumwamini. Akafunga mkoba, akaaga, akafika mlangoni. Kisha akarudi taratibu, akaketi kwenye kiti cha wagonjwa.